Siku za hatari, kwa mtu anayezitafuta

Kuna video yangu moja huwezi kuipata tena. Niliifuta usiku mmoja nikiwa nimelala kwenye mkeka nje ya nyumba yetu hapa Lodwar, joto limekataa kutoka, bando imebaki kidogo. Ilikuwa ya sekunde 50 hivi. Nimesimama mbele ya ukuta wa mabati, rangi ya mdomo imeiva, nawaambia wasichana: siku ya kwanza ya hedhi ndiyo namba moja, hesabu mpaka 14, hapo ndio hatari, ongeza siku moja mbele na moja nyuma, hizo zingine zote uko salama. Mwisho nikaweka kale kadensi kangu mnakokajua. Ilitazamwa mara elfu 40 na kitu. Kwa mtu anayerekodi na simu ya kioo kilichopasuka, hiyo ilikuwa Krismasi.

Sasa, kati ya hao elfu 40 alikuwemo dada yangu. Na yeye hakuwa anakwepa mimba. Alikuwa anaitafuta.

Kwa wale wapya hapa: mimi si daktari, si nesi. Nilisomea ualimu miaka miwili Eldoret, karo ikakatika, nikarudi nyumbani na sanduku langu, nikaanza kuongea na simu. Kwa hivyo hii stori isome ukijua imetoka kwa mtu ambaye ameshakosea mara moja mbele ya watu elfu 40. Dada ameniruhusu kuiandika. Shemeji pia ameisoma, akaniambia nitoe aya mbili. Nimetoa.

Dada ananizidi miaka sita. Ameolewa Kakuma, ile Kakuma ya mji, si kambini, ingawa ukikaa huko wiki moja unaona mji na kambi vinakula sahani moja. Kambi ilianza 1992, ina umri mkubwa kuliko dada mwenyewe, na sukari, unga na tumbaku anavyouza kwenye kibanda chake ananunua kwa jumla kwa wafanyabiashara wa kambini. Shemeji anaendesha nduthi. Leo yuko Kalobeyei, kesho amepeleka mtu Lokichoggio, kesho kutwa amelala Lodwar kwa sababu mteja hajamaliza shughuli zake. Kumbuka hii habari ya shemeji kulala nje, kuna mahali itarudi.

Huu ni mwaka wao wa nne. Mbuzi walitoka, ngamia wakatoka, na ukijua kwetu unajua mahari si kitu unatoa halafu watu wanasahau. Mama mkwe hakuwahi kumtukana. Alianza tu kuuliza, kila akija, kama dada anakula vizuri.

Siku moja dada akanipigia jioni. Hakunisalimia hata.

"We msichana, hiyo siku yako ya 14, mbona kwangu haifanyi kazi?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Akaniambia ameifuata miezi 11. Kila mwezi anahesabu, 13, 14, 15, anamwambia mzee asilale nje siku hizo tatu, halafu anangoja. Ameandika kila kitu kwenye daftari la shule, lile la mraba mraba la hesabu. Miezi 11! Kwa sababu ya sekunde 50 zangu na densi juu yake.

Nilijaribu kukumbuka hiyo namba 14 niliitoa wapi. Niliitoa kidato cha pili. Kuna Ijumaa alikuja mgeni shuleni, wavulana wakatolewa nje wakacheze mpira, sisi tukafungiwa darasani. Akachora duara ubaoni, akaligawa siku 28, katikati akaweka 14 na kuizungushia chaki nyekundu. Akaandika chini yake: SIKU ZA HATARI. Hiyo ndiyo elimu yote niliyopata kuhusu yai langu mwenyewe. Hakuna mtu alisema siku za rutuba. Rutuba tuliisoma kwa somo la kilimo, ni ya udongo. Yetu ilikuwa hatari na salama, kama kuvuka barabara.

Simlaumu sana yule mgeni. Alikuwa anaogopa tupate mimba tukiwa na miaka 15, na huku kwetu ana sababu ya kuogopa. Lakini angalia vile inakaa ukishakua. Dada yangu ana miaka 29, ana mume, ana nyumba, anataka mtoto, na neno pekee analo la siku anazozitafuta ni hatari. Aliniuliza hivi hivi: "Kwani hatari yangu iko lini?" Tukanyamaza wote kidogo, halafu tukacheka mpaka simu ikakatika.

Wiki iliyofuata nikapanda gari kwenda Kakuma, karibu kilomita 120, lami siku hizi, si kama zamani ukifika meno yamelegea. Nikamkuta dada kibandani. Akafunga mapema, akatoa daftari. Nikampigia rafiki yangu aliyemaliza uuguzi, nikaweka simu katikati yetu kwa sauti ya juu.

Rafiki yangu hakuuliza kuhusu 14. Aliuliza: "Kutoka hedhi moja mpaka nyingine ni siku ngapi?"

Dada akasoma: 34. 36. 33. 35. 35. Kuna mwezi mmoja 44, ule alikuwa na malaria, hakula wiki nzima.

"Haya," rafiki akasema, "sasa hesabu ukirudi nyuma."

Hapo ndio nilijifunza kitu ambacho kingenisaidia nikiwa kidato cha pili. Yai halihesabiwi kutoka hedhi iliyopita kwenda mbele. Linahesabiwa kutoka hedhi inayokuja kurudi nyuma. Baada ya yai kutoka, kwa wanawake wengi hedhi hufuata baada ya wiki mbili hivi, siku 12 mpaka 16, na kipande hicho hakibadiliki sana. Kinachovutika ni kile cha mwanzo. Mtu wa siku 28, ukitoa 14 unabaki na 14, ndiyo maana duara la yule mgeni lilionekana sawa. Lakini mtu wa siku 35, ukitoa 14 unabaki na 21. Dada alikuwa anamzuia mume nyumbani siku ya 13 mpaka ya 15, halafu anamwachilia aende Lokichoggio, na yai bado lina karibu wiki nzima ndani.

Mbegu ya mwanaume ikikuta mazingira mazuri inaweza kuishi ndani ya mwanamke mpaka siku 5. Yai lenyewe likitoka linaishi saa 12 mpaka 24 tu. Kwa hivyo siku za kushika mimba ni kama 6: zile 5 za kabla na ile ya yai lenyewe. Ni utafiti wa Allen Wilcox na wenzake kule North Carolina, Marekani, uliochapishwa 1995, wanawake 221 waliokuwa wanatafuta mtoto, ndio uliionyesha hiyo dirisha ya siku 6 vizuri. Baadaye mwaka 2000 wakarudi na jibu lingine lililoniuma zaidi: ni kama asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao zote 6 zinaangukia kati ya siku ya 10 na ya 17. Yaani ile video yangu, hata ningeipanua, bado ingewaacha wengi nje.

Na kuna hii ya Japani, lazima niwaambie. Daktari anaitwa Kyusaku Ogino, miaka ya 1920, ndiye mmoja wa wa kwanza kugundua hii hesabu ya kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata. Mwingine ni Hermann Knaus wa Austria, kila mtu kivyake. Ogino aliitengeneza fomula yake ili kusaidia wanawake waliokosa watoto wajue lini wakutane na waume zao. Ni watu wengine baadaye, karibu 1930, walioigeuza iwe njia ya kuzuia mimba. Ogino mwenyewe hakupenda itumike hivyo, aliona itawaangusha watu. Nilipomsomea dada akasema, "Kwa hivyo ilikuwa yetu, wakatunyang'anya."

Basi nikajiona sasa mtaalamu. Nikamwekea dada programu ya simu ya kuhesabu siku, zile zenye maua ya waridi. Ikamuuliza hedhi ya mwisho, ikachora ua kwenye siku ya 14 palepale. Nilikasirika kama imenitukana mimi. Ukiilisha miezi kadhaa inaanza kukusoma, ua likasogea mpaka 20, lakini bado inakisia tu kutokana na miezi iliyopita. Haijui kama mwezi huu umeugua au hujala. Kwa dada, tarehe zenyewe ndizo zilisaidia, na hizo alikuwa nazo kwenye daftari bila kuchaji.

Kipimajoto tulijaribu wiki tatu tukaacha. Asubuhi kabla hujainuka unapima joto la mwili, na yai likishatoka linapanda kidogo sana, nusu digrii au chini ya hapo, kwa hivyo unahitaji kipimo chenye tarakimu mbili baada ya nukta. Kwanza, kinakuambia yai limeshatoka. Ni kama kufika stejini unaambiwa gari imeondoka dakika tano zilizopita. Inasaidia ukifanya miezi mingi ukaona mtindo wako. Pili, hii ni Kakuma. Unaanza usiku nje kwenye mkeka, saa tisa upepo wa vumbi unakufukuza ndani, unalala tena saa kumi, saa kumi na moja jogoo wa jirani. Hilo joto la asubuhi ni la mwili au la Turkana? Namba zilikuwa zinaruka kama mbuzi.

Vijiti vya mkojo ndivyo vilitupa stori ndefu. Hivi vinapima homoni moja inaitwa LH, ambayo hupanda ghafla kama siku moja au moja na nusu kabla yai kutoka. Mistari miwili ikilingana kwa rangi, au ule wa kupima ukizidi, unajua sasa ndiyo saa. Tuliviagiza Nairobi, vikaja na basi kama mzigo. Mwezi wa kwanza mistari ikawa hafifu, hafifu, hafifu, mpaka hedhi ikaja. Dada akaanza kulia, akidhani hana yai kabisa. Mimi nikachukua kile kikaratasi ndani ya boksi, kile ambacho hakuna mtu husoma, nikakisoma. Kimeandikwa vihifadhiwe kati ya digrii 2 na 30.

Digrii 30! Hapa kwetu saa tano asubuhi tumeshaipita hiyo. Mchana ni 35 na zaidi, na hivyo vijiti vilikuwa vimekaa juu ya rafu ya kibanda, chini ya mabati, baada ya kusafiri na basi siku mbili. Siwezi kuapa kwamba joto ndilo liliviharibu. Lakini aliyeandika 30 hakuwa anamfikiria mtu wa Kakuma.

Boksi la pili dada alilipeleka kambini kwa mama mmoja wa Kisomali anayemuuzia sukari kwa jumla, mwenye friji ya soda. Alifunga vijiti kwenye mfuko mweusi akamwambia ni dawa. Yule mama akamwangalia, akafungua mfuko, akaona, akaufunga. Akauweka nyuma ya maji ya chupa. Tangu siku hiyo dada akifika kununua sukari anapewa na kijiti kimoja ndani ya gazeti, hakuna anayeuliza kitu. Na mara moja tu yule mama alimwambia: "Mimi nilingoja miaka saba." Akaendelea kupima sukari.

Kitu kingine cha vijiti: ukinywa maji mengi sana mkojo unakuwa mwepesi na mstari unafifia. Sasa mwambie mtu wa Turkana asinywe maji. Dada alijipangia, anapunguza maji na kubana mkojo saa mbili hivi kabla ya kupima, alasiri, akiwa amekaa kivulini. Hiyo ilifanya kazi.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni cha bure. Rafiki yangu nesi alimuuliza dada kuhusu ute. Siku za katikati, kabla ya yai kutoka, ute wa ukeni unabadilika, unakuwa wa maji maji, unateleza, unavutika kama ute wa yai bichi la kuku. Huo ndio unaobeba mbegu na kuzilisha. Wanandoa wawili madaktari wa Australia, John na Evelyn Billings, walijenga njia nzima juu ya hicho kitu kimoja tu, na Kanisa Katoliki likaifundisha sehemu nyingi duniani.

Dada alinyamaza kwenye simu. Halafu akasema, "Hiyo ninaionaga kila mwezi. Nilidhani ni ugonjwa."

Alikuwa amenunua dawa. Mara tatu. Kila mwezi mwili wake unamwambia waziwazi kwamba siku zimefika, anaenda kununua vidonge vya kuutibu. Akafungua daftari akatafuta tarehe alizonunua dawa, kwa sababu dada ni mtu wa kuandika matumizi. Siku ya 18. Siku ya 20. Siku ya 19. Zilikuwa hapo zote kwenye safu ya pesa.

Ukiona ute wenye harufu mbaya, unaowasha, au wenye rangi ya kijani, hiyo ni nyingine, nenda hospitali. Lakini ule safi unaovutika si ugonjwa, na hakuna mtu alituambia, kwa sababu duara la ubaoni halikuwa na ute.

Shosho yetu anaishi nje kidogo ya Lodwar, upande wa mto Turkwel, na yeye alisikiliza hizi habari zote za vijiti na friji akasema watoto huja baada ya mvua, maziwa yakiwepo. Mimi nikasema ndio shosho, vile mtu husema ndio shosho. Halafu nikaenda kusoma. Mwaka 1989 Paul Leslie na Peggy Fry walichapisha utafiti wa Waturuki... samahani, Waturkana, simu inanisahihisha kila siku na mimi ndiye mwenyeji. Walichunguza wafugaji wa kuhamahama wa huku kwetu, wakakuta zaidi ya nusu ya watoto wanazaliwa kati ya Machi na Juni. Rudisha miezi tisa: mimba zinashika Juni mpaka Septemba. Yaani mvua ndefu ikishanyesha, mifugo ikishapata majani, watu wakishashiba. Mwanamke akikaa na njaa muda mrefu au akiugua, yai linaweza kuchelewa, na linaweza hata kukosa kutoka mwezi huo. Ule mwezi wa siku 44 wa dada ulikuwa wa malaria na kutokula. Shosho hajawahi kushika kijiti cha LH na alikuwa anaongea kitu kimoja na maprofesa. Nilimwomba msamaha kwa moyo, mdomoni nilimnunulia sukari.

Sasa nije kwa shemeji. Shirika la Afya Duniani lilisema 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia tatizo la kukosa kushika mimba maishani mwake. Wao huanza kuliita tatizo mkishajaribu miezi 12 bila kinga. Na ukifika hapo wanaopimwa ni wawili. Si mmoja. Dada alikuwa ameshafikisha miaka mitatu na kitu, na mwenye daftari ni yeye, mwenye kumeza vidonge ni yeye, mwenye kuulizwa kama anakula ni yeye. Shemeji alikuwa anaambiwa tu, "Leo usilale Lodwar."

Sidhani ni mtu mbaya. Yeye ni mmoja wa wale wavulana waliotolewa nje wakacheze mpira. Alinikasirikia mwezi mzima nilipomtajia kupimwa. Aliniambia, "We umeacha chuo, sasa ndio umekuwa daktari wangu?" Iliniuma, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Kilichomgeuza sijui. Nadhani ni zile tarehe za dawa. Dada alimwonyesha daftari usiku mmoja bila kusema kitu. Baada ya wiki moja shemeji akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anauliza bei ya bunduki, mbona hiyo sampuli isitumwe tu na basi. Haiwezekani, inatakiwa ifike maabara ndani ya kama saa moja, ikiwa na joto la mwili. Kwa hivyo mwenye sampuli ndiye husafiri. Akapanda basi la usiku mpaka Eldoret, nyumbani amesema anaenda kutafuta vipuri vya nduthi. Alirudi na vipuri kweli, ili asiwe mwongo.

Majibu: idadi iko chini kidogo, haijaisha. Wakamwambia arudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu za leo zilianza kutengenezwa miezi miwili na nusu iliyopita, na kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Ameacha sigara. Hizo aya mbili alizotoa zilikuwa hapa, kwa hivyo tuendelee.

Na kuna kitu rafiki yangu nesi alisema mwishoni ambacho kilitufanya tujione wajinga: kama mume yuko nyumbani kila siku, hizi hesabu zote si lazima. Mkikutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, mbegu zitakuwa zinangoja yai muda wote, bila daftari, bila kijiti, bila kumgeuza mtu mashine. Dada akamwambia, "Basi mwambie aache nduthi." Hapo ndipo ile habari ya kulala nje inarudi. Sisi tunahesabu kwa sababu ya barabara.

Sasa ile video.

Mimi nilijua imekosea tangu siku ya kwanza dada aliponisomea 34, 36, 33. Na sikuitoa. Nilijiambia nitafanya nyingine ya kurekebisha, nikatafuta mwanga mzuri, nikangoja bando, wiki zikapita. Ukweli ni kwamba ilikuwa bado inatazamwa. Ndiyo iliyoniletea wengi wenu hapa. Kila asubuhi namba imepanda, na mimi nimejua mwenzangu mmoja kati ya hizo namba analia Kakuma.

Halafu msichana mmoja akaniandikia inboksi. Mwanafunzi. Hakunitukana. Aliandika: "Nilifuata yako, ilikuwa siku ya 19, ukasema ni salama." Nikasoma mara nyingi. Siku ya 19. Ile ile ya dada. Mmoja aliambiwa hiyo siku haina kitu akaikosa, mwingine akaambiwa haina kitu akaingia.

Nikaifuta usiku huo. Lakini kufuta ni kwangu tu. Kuna watu waliipakua, imepita kwenye magrupu ya WhatsApp, juzi nimetumiwa mimi mwenyewe na mtu asiyejua ni mimi, sura imekatwa, sauti imebaki. Kwa hivyo nasema hapa kwa wale hamtafuti mtoto: kuhesabu siku kwa kichwa hakutakulinda, siku 14 wala 7 wala 21. Tumia kondomu, au nenda kliniki wakuelezee njia zingine. Ukiwa na hiyo video, futa. Ukiona mtu ameituma, mtumie hii.

Yule msichana tunaongea bado. Ameniambia mambo yake si ya kupostiwa na ana haki.

Jumanne iliyopita dada akanipigia alasiri. Siku ya 20. Ametoa kijiti kwenye gazeti, amekaa kivulini, amesubiri dakika zake, na mstari wa pili umekuwa mweusi kuliko wa kwanza. Hajawahi kuuona hivyo. Alikuwa ananong'ona kama kijiti kitasikia.

"Shemeji yako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Lokichoggio. Simu yake haishiki."

Nikampigia mimi mara nne, haishiki. Nikampigia mwenzake wa stejini, nikamwomba amwambie arudi nyumbani Kakuma leo, kabla ya usiku. Akaniuliza kuna nini, kuna mgonjwa? Nikafikiria nitamwambia nini mtu wa stejini. Nikamwambia, "Mwambie tu ni siku ya 20."

Akanipigia baada ya nusu saa. Amempata, amemwambia hivyo hivyo, na jamaa amemwacha mteja kwenye chai.